Mgeni wa Siku ya Alhamisi

Oslo, 21 Januari 2019

Mpendwa Bi Torunn,

Ofisi yangu itakuletea barua yake ya shukrani, yenye muhuri na maneno yale yale ya kila mara. Hii naiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu ile Alhamisi niliyokuja kwenu Trondheim haijanitoka moyoni.

Nimekuwa mlezi wa vyama vya kujitolea kwa miaka ishirini na mitatu. Nimekata utepe mwingi kuliko mshonaji. Mara nyingi nikiingia mahali watu husimama wima, hukaza midomo, na mimi huondoka bila kujua kama wale niliowaona walikuwa watu au viti. Kwenu, katika Chumba cha Joto, haikuwa hivyo. Niliwakuta wenye nyumba na wasio na nyumba wameketi meza moja, wanakula mchuzi mmoja wa nyama na viazi, nami nikashindwa kujua nani ni nani. Nikajiambia, hiki ndicho tunachokihubiri siku zote majukwaani na hatukioni: mtu kuhesabiwa kuwa mtu kabla hajaulizwa amelala wapi.

Yule mzee aliyekaa karibu na dirisha, Arnfinn, amenikaa zaidi. Alinisimulia habari za baridi iliyowahi kupasua reli za tramu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama paa la kasri letu linavuja. Nilipomuuliza kama anapata usingizi, alisema, “Nalala kama mtoto, mradi niwe na paa juu yangu.”

Namtumia sweta ya sufu. Tafadhali mpe, kisha uniandikie hali yake. Anwani iliyo nyuma ya bahasha ni ya nyumbani. Barua za huko nazifungua mwenyewe.

Wako,
Sunniva


Trondheim, 2 Februari 2019

Mtukufu Prinsesa Sunniva,

Barua imefika, na sweta imefika. Arnfinn anashukuru. Ni mzima.

Watu wetu wa kujitolea walifurahi kwa ziara yako, na bodi imetundika picha yako ukutani, unapoingia tu.

Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Wiki ile ile ya ziara yako tulimpoteza mgeni wetu mmoja, Jostein Moan, mwenye umri wa miaka sitini na minne. Wale wanaokuja kwetu kula na kujipasha moto sisi huwaita wageni. Tulimzika tarehe 30. Tulikuwa watu sita, tukimhesabu kasisi.

Nisamehe pia kwa ufupi. Nilikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini, na kalamu si chombo changu.

Kwa heshima,
Torunn Hegstad


Oslo, 11 Februari 2019

Mpendwa Bi Torunn,

Pole sana kwa msiba. Nimejaribu kuwakumbuka wote niliowasalimu siku ile, nikamtafuta huyu Jostein kati yao. Je, alikuwa yule mwenye kofia ya buluu? Au yule aliyekataa keki? Inanisumbua kufikiri kwamba nilimshika mkono mtu aliyebakiwa na siku chache, na sikumbuki hata sura yake. Nitatuma shada la maua kaburini, kama utaniambia yuko wapi.

Sasa nina jambo la kukufurahisha kidogo katika huzuni hii. Tarehe 1 Machi kuna sherehe kubwa ya watu wa kujitolea hapa Oslo, na itaonyeshwa kwenye televisheni. Hotuba yangu yote nimeijenga juu ya Chumba cha Joto. Nitasimulia habari za Arnfinn, mtu asiye na paa aliyemuuliza binti wa mfalme habari za paa lake. Nataka wewe na yeye mkae safu ya mbele. Wewe utapewa nishani. Yeye nitamwomba asimame, watu wamwone. Bwana Wessel, katibu wangu, atawapangia treni na hoteli.

Usikatae kwa unyenyekevu. Nawajua watu wa kwenu.

Wako,
Sunniva


Trondheim, 19 Februari 2019

Mtukufu Prinsesa,

Barua hii nimeianza mara nne. Nitasema mambo kama yalivyo, nawe utanitendea upendavyo.

Arnfinn si mgeni wetu. Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Ameendesha tramu miaka thelathini na moja, na ana nyumba huko Byåsen ambayo hata sakafu ya bafu lake ina joto. Alikuwa na haki ya kusema analala kama mtoto.

Mwezi wa Novemba ofisi yako ilituandikia kwamba utakuja tarehe 17 Januari. Walitaka majina ya watu arobaini watakaokuwa ndani. Waliandika kwamba wageni wawe “watulivu na wachangamfu,” na kwamba wenye matatizo ya ulevi watafutiwe mahali pengine tangu Jumatano mchana hadi Ijumaa asubuhi, ili pasafishwe, pakaguliwe, ziara ipite salama. Nikaketi na bodi, tukawapitia wageni wetu mmoja mmoja kama anayechambua mchele. Waliopita ni kumi na mmoja. Bodi ikasema Prinsesa hawezi kuona viti vitupu. Basi nikapiga simu kwa ndugu, majirani, na walimu niliofanya nao kazi. Uliketi na watu ishirini na tisa wenye nyumba zao, Mtukufu. Ndiyo maana hukuweza kujua nani ni nani.

Wakati wa baridi mlango wetu huwa wazi mchana na usiku, na watu hulala kwa magodoro kati ya meza. Siku zile mbili tuliufunga. Wageni kumi na watano walipelekwa kwa basi kwenye kituo kingine ng’ambo ya mto. Wengine walijitafutia pa kwenda. Jostein aliambiwa aende kituo hichohicho. Kule hakupata nafasi, walijaa. Ijumaa asubuhi mwenye ghala la mbao alimkuta chini ya jukwaa la kupakulia mizigo, hatua kama mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Kulikuwa na nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.

Kwa hiyo hukumshika mkono. Hukumwona kabisa. Wakati ule unakula keki alikuwa anatembea.

Jostein alikuwa fundi wa kutandaza mawe ya barabara. Alikunywa, ndiyo. Alipolewa aliimba, na alipozidi alilia. Sikumwona akimpiga mtu.

Shemeji yangu hataki kuivaa sweta. Imo kwenye mfuko wake, nyuma ya mlango. Anasema alidhani ni mchezo mdogo wa kumfurahisha Prinsesa.

Nishani siitaki. Tafadhali usiisimulie habari ile mbele ya watu.

Torunn Hegstad


Oslo, 25 Februari 2019

Bi Hegstad,

Barua yako ya tarehe 19 mwezi huu imefikishwa ofisini, nami nimeisoma kwa masikitiko.

Ofisi inapenda kukukumbusha kwamba mipango yote ya usalama katika ziara za Mtukufu Prinsesa hufanywa kwa kuzingatia matakwa ya polisi, na kwamba uteuzi wa wageni ulikuwa mikononi mwa bodi yenu. Kifo cha Bw. Moan ni jambo la kuhuzunisha, lakini hakina uhusiano na ziara.

Mtukufu Prinsesa hajisikii vizuri na amepunguziwa shughuli. Kuanzia sasa mawasiliano yote yapitie ofisi hii. Mwaliko wa tarehe 1 Machi umefutwa. Aidha, orodha ya vyama vilivyo chini ya ulezi wake itapitiwa upya mwezi wa Mei, na tunaamini bodi yenu ingependa kuona jambo hili limeshughulikiwa kwa busara.

Kwa niaba ya Ofisi,
P. Wessel
Katibu


Trondheim, 4 Machi 2019

Mtukufu Prinsesa,

Katibu wako amenikataza kukuandikia. Naandika kwa anwani ya nyumbani. Ukimpa na hii, basi nitajua.

Nilikuona kwenye televisheni. Hukuwa mgonjwa. Ulivaa nguo ya kijani, ukasimama vizuri, ukasema, “Katika mtaa mmoja wa Trondheim kuna mlango usiofungwa mbele ya mtu yeyote.” Watu walipiga makofi. Arnfinn hukumtaja, na kwa hilo nashukuru. Lakini mlango uliutaja. Tulikuwa tumewasha televisheni ya chumbani kwetu, wageni walitaka kukuona. Hakuna aliyepiga makofi. Walinitazama mimi.

Bwana Wessel anasema ni matakwa ya polisi. Mimi nimepika chakula cha watoto wa mji huu, na wengine wamekuwa polisi. Nikamwendea mmoja aliyeshughulikia ziara ile, nikamuuliza. Alinijibu, “Mama Torunn, sisi tuliomba majina tu, ya watakaokuwa ndani. Nani awemo na nani asiwemo haikuwa kazi yetu. Hata walevi kumi tungewalinda.” Nikamwomba arudie. Akarudia.

Basi si polisi. Si mimi niliyeibuni fikra hiyo, ingawa niliitekeleza. Nani alisema walevi wasiwepo? Nauliza kwa sababu siku nikikutana na ndugu wa Jostein wataniuliza, na sitaki kuwaambia uongo. Nimeshasema wa kutosha.

Torunn Hegstad


Oslo, 13 Machi 2019

Bi Torunn,

Hii sijampa mtu. Ile ya tarehe 19 Februari nilimpa Bwana Wessel aisome kwa sababu nilitaka maelezo, naye akaijibu kabla sijajua ameijibu. Sisemi hivi ili kujitetea. Kama utakavyoona hapa chini, sina pa kujitetea.

Uliuliza ni nani. Nami niliuliza. Nilimwita Bwana Wessel Jumatatu, nikamwambia sitaki maelezo tena, nataka jalada lenyewe la ziara ya Trondheim, na karatasi zake zote. Alisita. Akasema, “Mtukufu, ningeomba usilisome.” Nilidhani anajilinda yeye.

Ndani mlikuwa na rasimu ya kwanza ya ratiba, ya mwezi wa Oktoba. Pembeni mwake kuna maneno ya penseli: “Safari hii wasiwepo walevi, tafadhali. Watu wachangamfu.” Ni mwandiko wangu.

Sikumbuki kuyaandika. Nakumbuka kilichoyafanya yaandikwe. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa katika mji mwingine, na mtu mmoja aliyelewa alinishika kifundo cha mkono, akalia, asitake kuniachia. Hakuniumiza. Alikuwa anajaribu kuniambia jina la mwanawe. Walinzi walimbandua kidole kimoja kimoja, na magazeti yakachapisha uso wangu, wenye karaha nisiyojua kuwa ninayo. Niliaibika. Nikiwa na rasimu ya Trondheim mbele yangu, na kikombe cha chai, nikaandika mstari huo mmoja, kama mtu anayeomba asikalishwe karibu na dirisha lenye upepo. Kisha mstari wangu ukashuka ngazi. Kwa katibu ukawa maagizo, kwa bodi yenu ukawa sharti, na kwa Jostein Moan ukawa mlango.

Kuhusu hotuba: ilikuwa imeshachapwa. Bwana Wessel alisema nikiondoa habari za Chumba cha Joto waandishi watauliza kwa nini, na wakipata jibu, chumba kitafungwa na wageni wote watakosa pa kulala. Nilimwamini, kwa kuwa kumwamini kulinifaa. Niliposema maneno yale ya mlango, niliyajua kuwa si kweli. Nilikuwa na barua yako mkobani.

Sitaki kukuomba msamaha kwenye karatasi. Nataka kuja. Bila magari, bila kamera, siku yoyote ya kazi, nioshe vyombo, nimenye viazi, nitandike magodoro. Niambie tu ni lini. Na uniambie kama Jostein alikuwa na ndugu.

Sunniva


Trondheim, 19 Machi 2019

Mtukufu Prinsesa,

Asante kwa kusema kweli. Nilikaa na barua yako siku mbili kabla ya kujibu. Nilitaka kukuchukia na imeniwia vigumu, kwa sababu mimi nami naujua mstari huo mmoja. Nimeuandika mara nyingi kichwani mwangu. Nani kati yetu hajatamani, siku amechoka, wale wagumu wasije leo?

Lakini usije.

Niliwauliza wageni. Niliona si haki nikuamulie peke yangu wala nikuruhusu peke yangu. Tulikuwa kwenye kahawa ya saa nne asubuhi. Nikawaambia Prinsesa anataka kuja kuosha vyombo, kimya kimya. Mmoja akasema hata malkia aje, vyombo vitabaki vichafu vile vile. Wakacheka kidogo. Kisha Ragna, mama wa miaka arobaini aliyelala kwenye ngazi za maegesho ya magari siku zile mbili, akauliza, “Akija tena, siku hiyo sisi tutalala wapi?” Hakuwa anakusuta. Alikuwa anauliza ili ajipange. Kicheko kikaisha pale pale.

Ndiyo maana nasema usije. Ukimenya viazi kwetu utapona wewe.

Ukitaka kazi, ipo moja, na si nyepesi. Jostein ameacha binti. Anaitwa Hallfrid, anaishi Mosjøen, na anafanya kazi ya kufua katika nyumba ya kutunzia wazee. Hawakuonana kwa miaka mingi. Alipata barua ya mistari miwili ya kumjulisha kifo na mahali pa kaburi, baada ya mazishi, maana hakuna aliyejua anwani yake mapema. Anajua babaye alikufa kwa baridi. Hajui kwamba palikuwa na chumba chenye moto hatua mia mbili kutoka hapo, wala kwa nini kilikuwa kimefungwa.

Nimejaribu kumwandikia mara saba. Siwezi. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni siku ile.

Nenda wewe. Usipeleke maua.

Torunn


Oslo, 5 Aprili 2019

Bi Torunn,

Nilikwenda Mosjøen kwa treni tarehe 29. Mlinzi mmoja alinifuata, nikamwomba akae nje kwenye gari tulilokodi. Nilikuwa nimempigia Hallfrid simu kabla, nikamweleza mimi ni nani na kwamba nina habari za babaye zisizopendeza. Akasema nije baada ya saa tisa, zamu yake ikiisha.

Anaishi ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ana miaka thelathini na minane, mikono yake imebabuka kwa sabuni. Alikuwa ameweka vikombe viwili mezani, kisha akaongeza cha tatu, akampelekea mlinzi kahawa garini yeye mwenyewe. Aliporudi akakaa, akasema, “Haya.”

Nikamwambia yote. Habari za penseli nilianza nazo, ili nisije nikapata njia ya kuziruka. Hakupiga kelele. Hakulia pia. Mara moja tu aliinuka akafungua bomba la maji, akasimama amenipa mgongo, maji yanatiririka bure. Aliniambia babaye aliondoka nyumbani yeye akiwa na miaka ishirini na saba, na kwamba siku yao ya mwisho kuonana ni yeye aliyemfungia baba mlango, kwa sababu alikuja amelewa siku ya ubatizo wa mjukuu wake. “Kwa hiyo tuko watatu tuliomfungia,” alisema. Nilitaka kumwambia si sawa, kwamba yeye alikuwa binti anayejilinda. Akaninyanyulia mkono ninyamaze.

Kisha akaniuliza mambo mawili. La kwanza, babaye alikuwa amevaa nini. Nilisema sijui. Ilikuwa aibu kubwa kuliko zote, Bi Torunn, kusafiri siku nzima kwenda kumwambia mtu habari za kifo cha baba yake na nisijue hata kama alikuwa na kofia. La pili, alisema, “Aliambiwa nini pale mlangoni? Nataka maneno yenyewe.” Nalo sikulijua. Ni lako.

Baada ya hapo ndipo nilipoyaambia magazeti, tarehe 2 Aprili, habari za mstari wangu na hotuba yangu. Ulezi wa vyama vyote nimeuacha. Wengine wanaona ni adhabu, wengine wanaona ni ushujaa. Mimi naona ni kuchelewa. Bwana Wessel yupo bado. Haingekuwa haki aondoke yeye kwa mwandiko wangu.

Na sasa nasikia bodi yenu imekuondoa. Niliwaandikia kuwasihi, wakanijibu kwamba Chumba cha Joto kinahitaji utulivu. Nilidhani nikisema kweli mzigo utaniangukia mimi. Umekuangukia wewe. Hata hili nalo sikuliona.

Sunniva


Trondheim, 16 Aprili 2019

Kwa Hallfrid Moan,

Mimi ni Torunn Hegstad. Nilikuwa msimamizi wa Chumba cha Joto hadi wiki mbili zilizopita. Prinsesa ameniambia ulichouliza. Hakuna mwingine wa kukujibu, maana tulikuwa wawili tu, baba yako na mimi.

Alikuwa amevaa koti la kazi la rangi ya machungwa, lile lenye mistari inayong’aa, na chini yake sweta mbili. Kofia alikuwa nayo. Glavu zilikuwa za jozi tofauti.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 16 Januari, kama saa saba mchana. Basi lilikuwa limeshaondoka na wale kumi na watano. Yeye alikuwa amekwenda kutafuta chupa tupu za kurudisha dukani, hakuwapo majina yaliposomwa. Alipofika nilikuwa nafunga. Hakuwa amelewa. Hilo nataka ulijue. Nilikuwa nimemweka kwenye orodha ya walevi, na siku ile alikuwa mzima kuliko mimi.

Nilimwambia, “Jostein, leo na kesho tumefunga. Rudi Ijumaa.”

Akauliza, “Kuna nini?”

“Anakuja mgeni.”

Akasema, “Mimi nami si mgeni? Ndivyo mnavyotuita.” Alisema akitabasamu. Alikuwa mtu wa utani hata tumbo likiwa tupu.

Nikamwambia ni mgeni mkubwa, ni Prinsesa. Akatazama ndani kupitia begani mwangu. Tulikuwa tumetandika vitambaa vyeupe mezani. Akasema pamependeza. Akasema angeweza kukaa jikoni nyuma, hakuna ambaye angemwona, angemenya viazi. Nikasema haiwezekani, majina yameshapelekwa. Akauliza, “Basi niende wapi?”

Nikamwambia aende kituo cha ng’ambo ya mto. Akasema kule walimfukuza mwezi wa Novemba kwa sababu ya kuimba, hawatamkubali. Sasa nakuja kwenye neno ambalo sijamwambia Prinsesa, wala bodi, wala kasisi. Nilimwambia, “Nimeshawapigia simu. Wamesema watakupokea.”

Sikuwa nimewapigia simu. Nilikuwa na mambo mengi, miguu ilikuwa inaniuma, na nilitaka aondoke ili nipige deki. Nilijua nikisema hivyo ataondoka kwa amani. Na kweli aliondoka kwa amani. Alisema, “Asante, Torunn. Wewe huwa unakumbuka.” Akashika njia ya darajani.

Nilipouliza baadaye, kijana wa mapokezi ya kule alinieleza. Jostein alifika, akasema amepigiwa simu. Kijana akatafuta kwenye daftari, hakuona jina. Jostein akasisitiza, “Torunn amepiga.” Akasubiri kwenye kiti saa nzima, akiamini kwamba kuna mtu atakumbuka. Kisha wakajaa, wakamwomba atoke. Usiku huo wa Jumatano sijui alilala wapi. Alhamisi mchana mmoja wa watu wetu wa kujitolea alimwona ng’ambo ya barabara, anatazama magari ya Prinsesa. Hakusogea karibu. Nadhani alikuwa anangoja Ijumaa, kama nilivyomwambia. Ndiyo maana walimkuta karibu na kwetu.

Watu wanasema Prinsesa aliufunga mlango kwa penseli. Ni kweli, lakini penseli haikumdanganya. Mimi nilimdanganya, na aliniamini.

Sikuombi kitu.

Torunn Hegstad


Mosjøen, 3 Mei 2019

Torunn,

Nimesoma barua yako. Nilimsomea na mume wangu, kisha nikaiweka kwenye kabati la nguo.

Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na sitaki mtu aniulize, si wewe, si Prinsesa, si yule mwandishi wa gazeti anayenisubiri chini ya ngazi.

Lakini nimekuwa nikiwaza hili nikiwa kazini. Mimi sikuwa na baba miaka kumi na moja. Wewe ulimwona karibu kila siku, miaka sijui mingapi. Umeniandikia maneno yake ya siku moja, ile mbaya. Zilizobaki uko nazo peke yako, na si zako.

Niandikie. Alikaa kiti gani. Alikula nini na alikataa nini. Aliimba nyimbo zipi hata wakamfukuza. Kama aliwahi kunitaja, niandikie alisema nini, na kama hakunitaja, andika hivyo. Usipambe chochote. Ukisahau jambo, nenda ukawaulize hao wengine, huyo Ragna niliyetajiwa na Prinsesa, na wenzake, uwaambie ni binti yake anayeuliza.

Mwanangu amefika umri wa kuuliza babu yake alikuwa nani. Anza na lolote unalolikumbuka.

Hallfrid